Siku Mwanangu Alipokiri Kuangusha Helikopta

Nilikuwa nimechutama mbele ya sufuria nikikaanga mikate ya kuuza. Binti yangu akaja, akasimama kando ya moshi, mikono nyuma, akaniambia kwa sauti ya mtoto anayekariri somo: "Mama, ni miye njo niliangusha elikoptere."

Alikuwa hajafika miaka mitano.

"Nani alikwambia hivyo?"

"Mama mukubwa. Alisema nikikubali atanipatia samaki."

"Na ulikubali?"

"Nilikubali. Alinipatia kichwa."

Nilitoa sufuria motoni, na mikate iliyobaki ikanywa mafuta mpaka ikaharibika. Niseme wazi kwamba nilikuwa nimekwisha kuvumilia mengi katika lopango ile, yaani ua wa kaka ya mume wangu, katika mtaa wa Mangobo. Nilivumilia sahani ya mtoto kuwekwa chini nje, mbali na za wenzake. Nilivumilia majirani kuvuta watoto wao kwa mkono kila tulipopita. Lakini mtoto wangu kununuliwa kwa kichwa cha samaki ili ajiite mchawi, hapana. Pale ndipo uvumilivu wangu ulikatika, na hadi leo sijajaribu kuuunga.

Kwa asiyejua: kwetu mchawi tunamwita ndoki, na miaka ile ya vita Kisangani ilijaa ndoki wadogo. Watu wazima walipoteza kila kitu, na waliopoteza kila kitu wanataka mtu wa kushika. Askari hashikiki, ana bunduki. Mto uliofungwa na vita haushikiki. Mtoto anashikika. Biashara ikifa, ni mtoto. Mume asiporudi, ni mtoto. Bomu likipiga nyumba hii na kuruka ile, watu wanakwenda kumtazama vizuri mtoto wa nyumba iliyorukwa. Mimi mwenyewe nilisikia habari hizo za watoto wa wengine nikatikisa kichwa, nikaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Mume wangu alikuwa ameteremka mto na mzigo wa samaki wakavu kabla ya njia kukatwa, akabaki upande wa pili wa vita. Ndiyo sababu nilikaa kwa kaka yake. Sote tulimwita tonton, kuanzia watoto hadi mimi hadi wanaouza chumvi barabarani. Alikuwa mlinzi wa ghala la mafuta kule Bangboka, kwenye uwanja wa ndege. Mafuta ya helikopta na mafuta ya taa ni ndugu wa tumbo moja, kila mtu wa mji wetu anajua. Tonton hakurudi kutoka kazini mikono mitupu. Bidoni yake, dumu la njano, ilikuja imefungwa nyuma ya baiskeli ya toleka, zile za kubeba abiria, ikiwa imefunikwa kwa majani ya muhogo kama vile mafuta ya taa yalichumwa shambani. Avenyu yetu nzima iliwaka kwa sababu yake. Walimpenda. Mimi pia nilimshukuru, maana nilikula kwake.

Majeshi ya wageni yalipoanza kurushiana mabomu juu ya vichwa vyetu, nilimbeba mtoto nikakimbilia kwa mama yangu, kule Yahuma. Safari ile sitaieleza. Kila familia ya Kisangani ina ya kwake. Kule mtoto akapata homa. Ilikuja, ikaondoka, ikarudi, mpaka shingo yake ikawa nyembamba kama ya kuku. Zahanati ilikuwa na kitanda na picha ya Bikira, dawa hakuna. Ndipo ikaja helikopta ya watu wa misaada, wale waliopeleka chanjo mahali ambapo magari hayafiki. Muuguzi aliyekuja nayo, mama wa pande za kwetu, alimpima mtoto mara moja tu akasema: "Huyu tunarudi naye mjini."

Ilikuwa helikopta ndogo, nyeupe, yenye injini moja mgongoni. Ilitua kwenye uwanja wa mpira. Rubani alikuwa mzungu mwenye Kifaransa cha kuvunjika na viatu vizuri. Kando ya goli yalisimama mapipa mawili ya mafuta ya kurudia, aliyoyaleta mwenyewe safari iliyotangulia kutoka ghala la Bangboka. Yalikuwa yamenyeshewa.

Mimi ni mtu wa kutazama mikono ya watu. Mama yangu alinilaumu kwa hilo tangu utotoni, alisema natazama watu kama mwenye duka. Basi nilitazama. Rubani alikuwa na chupa ya kioo, ya mdomo mpana. Alifungua pipa la kwanza, akachota mafuta kidogo kutoka chini kwa mpira, akainua chupa kuelekea mwanga, akatazama, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Kisha akaanza kupampu. Wingu jeusi lilikuwa linakuja. Akina mama wengine walisukumana na watoto wao, wanataka nao wapande, askari mmoja anapiga kelele kwamba lazima apande na mbuzi wake. Muuguzi akalia, "Twende, twende, tutafungiwa na mvua!" Pipa la pili halikupimwa. Chupa ilibaki mfukoni mwa rubani. Niliiona imebaki, nikasema moyoni: bon, haya, wao ndio wenye mashine.

Tulipaa. Mtoto nilimfunga kwangu kwa kitenge, chini ya mkanda. Msitu ulikuwa chini yetu umejaa pomoni kama sombe kwenye sufuria ya matanga, hakuna tundu la kuingiza hata kijiko. Baada ya muda mrefu nikaona mto, nikapumua, maana mto ni njia ya nyumbani. Mtoto alikuwa amelala. Akainua kichwa ghafla.

"Mama, inakohoa."

Sikusikia kitu. Muuguzi, aliyekaa karibu nasi, alimwinamia: "Nini inakohoa, mama?"

"Hii." Akaweka kiganja kwenye ukuta wa helikopta, kama anavyoweka kwenye kifua changu nikiwa na mafua.

Nikasikia. Ilikohoa kweli. Mara moja, halafu tena, halafu sauti yote ikawa nyembamba. Mbele, taa nyekundu ikawaka na king'ora kikaanza. Rubani hakupiga kelele. Alisukuma mkono wa chuma uliokuwa kando yake mpaka chini, na tukaanza kushuka.

Injini ilikuwa imekosa nguvu. Nilifikiri tutaanguka kama mchi unavyoangukia kinu. Si hivyo. Kuna mbegu za msituni zenye bawa, zinateremka zikizunguka na hazina haraka ya kufika. Ndivyo tulivyoteremka, ila sisi tulikuwa na haraka. Injini imekufa, lakini mapanga ya juu yaliendelea kuzunguka kwa upepo uliotoka chini, vuu, vuu, vuu, kama mwanamke anayepepeta mchele. Muuguzi alisali kwa Kilingala. Mimi sikusali. Nilitazama mikono ya rubani. Ilikuwa inatafuta mahali. Msitu, hapana. Mto, hapana. Karibu na Yanonge kulikuwa na shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, akalielekea. Ardhi ilipokuja karibu sana aliinua pua ya helikopta, kama mwenye mtumbwi anayepiga kafi kinyume asigonge gati, kisha akavuta ule mkono wa chuma kwa nguvu zake zote. Tukagonga. Miguu ya helikopta ikapinda, mkia ukapiga kisiki cha mgomba, muuguzi akarushwa akavunjika mfupa wa bega.

Mtoto wangu akasema: "Imekufa." Kisha: "Mama, niko na njaa."

Nilimgusa paji la uso. Lilikuwa baridi. Homa iliyomla wiki zote zile ilikuwa imeshuka. Kumbuka jambo hilo, maana baadaye liligeuzwa kuwa ushahidi.

Rubani alitoka, akaenda mbali, akavuta sigara. Akarudi, akalala chali chini ya tumbo la helikopta, akafungua bomba dogo, akakinga ile chupa. Akaiinua kwenye mwanga. Nilikuwa karibu, nikaona: juu mafuta, chini kitu kingine kimejitenga, kinang'aa, kama maji yanavyokaa chini ya mawese. Alimwonyesha muuguzi. Wakatazamana kama watu wanaotazamana mbele ya mgonjwa.

"Ni nini ile?" niliuliza.

"Hakuna kitu, mama," alisema muuguzi, ameshika bega lake. "Ni panne tu, mashini iliharibika."

"Panne haikai ndani ya chupa."

Rubani akaimwaga chupa ardhini, akaipangusa kwa shati. Nilijiuliza kwa nini mtu anapangusa vizuri namna ile. Nikaliweka swali hilo mahali pake, pamoja na mengine.

Watu wa mto walitupokea. Mama mmoja wa familia ya wavuvi alitupatia chikwanga, mkate wa muhogo, na samaki, akaizunguka helikopta huku amejishika kiuno. "Sisi tunazoea pirogi kuzama mu mayi," alisema. "Leo pirogi ya mbingu imezama mu mupunga. Nani atalipa mupunga?" Tulicheka mpaka muuguzi akalia kwa maumivu ya bega. Mtoto alikula kama kijana wa kubeba mizigo. Kesho yake walitupandisha mto hadi Kisangani.

Nyumbani tulipokewa kwa vigelegele. Mke wa tonton, ninayemwita yaya, yaani dada, na ambaye mtoto anamwita mama mukubwa, alimrusha mtoto juu. Lituma ya ndizi ilitwangwa. Tonton aliketi pembeni, hakula sana. Nilidhani amechoka.

Siku chache baadaye muuguzi alikuja kututembelea, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Alimpenda mtoto. Akasimulia mbele ya lopango yote, kwa furaha yake ya mtu aliyepona: "Huyu mutoto alisikia mbele yetu bote! Sisi bakubwa hatukusikia, pilote hakusikia. Alisema tu, inakohoa. Huyu ni malaika!"

Tonton alitoa kijiti cha meno mdomoni. "Alisikia mbele ya pilote?"

"Mbele kabisa."

"Mutoto mudogo hivi? Asikie mbele ya mashini yenyewe?"

"Tonton, ni ajabu ya Mungu."

"Ao ya nani," alisema tonton.

Nilimtazama. Uso wake haukuwa uso wa mtu anayeshangaa. Ulikuwa uso wa mtu aliyebeba gunia tangu asubuhi, sasa ameona mahali pa kulitua.

Basi ikaanza. Kwanza ilikuwa maswali. Homa ilimwacha saa ngapi? Aa, saa ile ile helikopta ilipoanguka? Mashini ikafa, mutoto akapona? Jirani mmoja akakumbuka kwamba mtoto aliwahi kumtazama kuku wake, na kuku akafa, kana kwamba kuku wa Mangobo walikuwa na desturi ya kuishi milele. Mwingine akasema ndoki wanasafiri kwa ndege zao za usiku na hawapendi helikopta ziwapite njiani. Nilimuuliza ndege hizo za usiku zinatumia mafuta gani. Akasema mimi ni mwanamke wa mdomo.

Halafu sahani ikahama nje. Halafu yaya akaacha kumwogesha pamoja na watoto wake. Halafu likaja neno la nyumba ya maombi anayosali yaya, nyumba ya mbao nyuma ya soko: kiongozi wao alisema mtoto aletwe Jumamosi, afungiwe chumbani, asile, asinywe hata maji, mpaka kile kitu kitoke. Niliwajua watoto waliopita mle. Mmoja alitoka amebebwa, na yule kiongozi alisema uchawi wake ulikuwa na nguvu sana. Mwanangu alikuwa bado mifupa. Kumnyima chakula na maji mtoto yule hata kwa siku mbili ni kumzika.

Nilikataa. Tonton alikuja kunieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionitia shaka zaidi kuliko kelele za wote.

"Bokilo, shemeji yangu, ni kwa ajili ya muzuri yake. Banamuombea, inaisha."

"Tonton, weye hata kanisani huendi. Tangu lini unapenda maombi?"

"Mambo imenizidi," alisema. "Kule kazini bakubwa banauliza maswali. Elikoptere ya bantu ya misaada imeanguka, lazima kuwe na sababu."

"Na sababu ni mutoto wa ndugu yako?"

Tonton akaenda kujaza taa.

Ni taa iliyoniambia. Kwa miezi mingi taa yetu ilikuwa inatema: cha, cha, mwali unajikunja, unataka kufa, unapanda tena. Nilikuwa nimelaumu utambi. Jioni moja kabla ya kulala mtoto alikaa mbele yake, kidevu juu ya magoti, akasema bila kumwangalia mtu: "Mama, taa inakohoa sawa elikoptere."

Yaya alifanya ishara ya msalaba na kuondoka na watoto wake. Mimi nilibaki. Nilisikiliza. Cha, cha. Mtoto alisema kweli. Ilikuwa kikohozi kile kile.

Asubuhi nilimimina mafuta ya ile bidoni ya njano katika chupa nyeupe ya limonadi, nikaiweka juani nyuma ya choo, nikaisubiri kama mtu anayesubiri yai. Juu mafuta. Chini maji, yamejitenga, yanang'aa. Ile ile niliyoiona shambani Yanonge, ikimwagwa na kupanguswa.

Sina haja ya diploma ya mekanika. Mtu anachota mafuta ya pipa la Bangboka. Pipa likipungua, wakubwa wataona. Basi anarudisha maji, na kiasi kinabaki pale pale. Wakija kupima wanaingiza fimbo, na fimbo inaonyesha mafuta yamefika wapi. Fimbo haiulizi chini kuna nini. Tena akichota mara ya pili katika pipa lile lile, hata anachotuletea nyumbani kinakuwa na maji yake mwenyewe. Tuliwasha taa kwa wizi wake, na wizi wake ukatema usoni mwetu kila jioni.

Utasema: mwanamke huyu anashuku kila mtu. Ni kweli, nilishuku. Nilimshuku rubani aliyepangusa chupa. Nilimshuku muuguzi na panne yake, maana mkubwa wake asingependa kusikia kwamba pipa la pili halikupimwa. Na mvua ilikuwepo Yahuma. Nilijiambia pengine ni mvua tu, iliingia kwenye kifuniko. Sikuwa na hakika. Nililala chini ya paa la tonton, nilikula chakula chake, na nilijua kitu kimoja kwa hakika: askari waliokuwa wanatawala uwanja ule hawakuwa na gereza kwa mwizi wa mafuta. Walikuwa na mto Tshopo. Kwa hiyo nilificha chupa katika vitenge vyangu, nikanyamaza. Nilisema nitangoja Jumamosi ipite, nikidhani kukataa kwangu kutatosha.

Jumamosi haikungoja. Ijumaa asubuhi ndipo mtoto akaja na kichwa chake cha samaki.

Nilimfunga mgongoni, nikachukua chupa mkononi, wazi, sikuifunika, nikashika njia ya komine, ofisi ya serikali ya mtaa. Yaya alinifuata hadi kwenye uzio akipiga kelele: "Unaenda wapi na ule mutoto? Kesho banamungoja!"

"Bamungoje na njaa yao," nilimwambia.

Sikuwa nimefika mbali nikasikia kengele ya toleka. Tonton, shati halijafungwa vifungo, ameketi nyuma ya baiskeli, na kijana wa toleka anapiga pedali mpaka mishipa inamtoka. Aliruka kabla haijasimama.

"Bokilo, unaenda wapi na ile chupa?"

"Kwa komine."

"Kufanya nini?"

"Kuonyesha ndoki. Nimemufunga mu chupa."

Alicheka. Kisha akaitazama chupa vizuri, jua linapita ndani yake, akaacha kucheka.

"Ile ni mvua," alisema. "Ile mapipa ilisimama mu mvua kule Yahuma. Weye mwenyewe ulisema."

"Na taa ya nyumba yako? Nayo ilisimama mu mvua Yahuma?"

Watu walianza kupunguza mwendo. Tonton alishusha sauti. "Bote banafanya hivi. Kila mutu kule anachota. Si miye peke yangu."

"Sikukuuliza nani mwingine."

"Sikujua itaanguka. Mayi kidogo..."

"Ulijua ilipoanguka. Tangu siku ile unajua. Ulimuangalia mutoto wa ndugu yako, ukasema, huyu atabeba."

"Nilikulisha!" alisema. "Miaka yote hii, mume wako hayuko, nani alikulisha?"

"Ulinilisha. Aksanti. Kwa hiyo nikupatie mutoto?"

Aliufuta uso kwa kiganja. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye tumbo, na mbele yangu alianza kupungua. "Unajua askari, bale basoda ba uwanja, batanifanya nini."

"Najua. Na weye unajua ile chumba itamufanya nini huyu."

"Mutoto hatakufa. Banamuombea tu."

"Bon. Na weye, basoda batakuombea tu."

Kijana wa toleka alikohoa kicheko. "Tonton," alisema, "unapanda ao niende? Jua ni kali, na hii likambo, hii kesi ya kwenu, ni ya siku yote."

Tonton hakumsikia. Alimtazama mtoto mgongoni mwangu. Mtoto naye akamtazama, akamsalimia kwa adabu, kama alivyofundishwa: "Mbote, tonton. Nilikubali."

Hapo tonton alikaa chini ukingoni mwa barabara, suruali yake ya kazi vumbini. Sikumwonea huruma. Niliwaonea huruma watoto wake, ambao walikuwa wamelala kitanda kimoja na mwanangu kabla ya ujinga huu, na ambao hawakuchota mafuta popote. Nikipeleka chupa kwa askari, mwanangu atasafishwa na wao watakuwa yatima kabla ya jua kuzama. Nisipoipeleka, kesho ni Jumamosi. Nilisimama pale nimeuma meno. Watu wanasema hasira inapofusha. Mimi siku ile sikuwahi kuona vizuri zaidi.

"Simama," nilimwambia. "Unakwenda na miye."

"Wapi?"

"Kwa komine. Utasikia ninachoandika. Halafu utaamua kama niandike na yaliyobaki."

Karani wa komine alikuwa na meza, kiti, na dirisha lililopigwa risasi. Nilipomweleza alijishika kichwa. "Mama, mji umeharibika, bantu bamekufa, na weye unaleta likambo ya ndoki? Unashitaki nani? Unashitaki elikoptere?"

"Nipatie karatasi. Nilimaliza sekondari, najua kuandika mwenyewe."

"Andika kwa Kifaransa, ni barua ya serikali."

"Serikali gani?" nilimuuliza, na akatazama mlango haraka, maana miaka ile lilikuwa swali baya. "Naandika Kiswahili. Itasomwa mu lopango yetu, na mu nyumba ya maombi. Nataka basikie kila neno bila mutu wa kubatafsiria."

Alinipatia karatasi. Akanyoosha kidole. "Na ile chupa?"

Tonton, aliyesimama karibu na mlango, alipiga hatua moja kuelekea nje.

"Mafuta ya taa," nilisema. Niliifunga ndani ya kitenge, nikaiweka miguuni. Kisha nikaandika, na baadaye nikaisoma kwa sauti, na karani akagonga muhuri wake, na tonton akatia kidole chake kwenye wino kama mtu aliyesikia. Maneno yenyewe ni haya:

*Kwa Mkuu wa Komine ya Mangobo.*

*Mimi, mama mzazi, mkazi wa Mangobo, naleta mashitaka juu ya kaka ya mume wangu, mke wake, na kiongozi wa nyumba ya maombi iliyo nyuma ya soko.*

*Wamemwita mtoto wangu ndoki. Wamemfundisha kukiri kwamba aliangusha helikopta, na wakamlipa kichwa cha samaki. Wanataka kumfungia kesho bila chakula na bila maji. Mtoto huyu ametoka katika homa. Akifungiwa atakufa, na nitakuwa nimekwisha kusema ni nani waliomuua.*

*Nilikuwa ndani ya helikopta hiyo. Injini ilikosa nguvu angani na rubani akaiteremsha shambani kwa mikono yake. Mtoto alisikia injini ikikohoa kwa sababu ana masikio. Sisi wengine tulikuwa na masikio pia, hatukuyatumia.*

*Naomba komine iwakataze watu hawa kumgusa. Naomba wenye helikopta waje Mangobo waseme mbele ya watu kwamba ni mashine iliyoharibika. Muuguzi na rubani wanajua walichokiona katika chupa, waulizwe.*

*Sababu ya injini kukosa nguvu mimi pia naijua. Sikuiandika hapa. Nimeihifadhi, imefungwa vizuri, na aliyesimama nami leo anajua ninapoiweka. Siku mtu yeyote wa lopango yetu atakapomwita tena mtoto wangu ndoki, sitarudi katika ofisi hii. Nitakwenda Bangboka.*